Kari, Kali na Kengele Iliyonyamaza

Wiki niliyostaafu, Faustin alinisihi niandike haya kabla sijasahau. Ndivyo mlivyo vijana: mtu akishakatiwa keki mnadhani kumbukumbu zake zimebaki kazini pamoja na kikombe chake cha chai. Kikombe nilikichukua. Na kumbukumbu ninazo, kwa hiyo kaeni vizuri.

Siandiki habari za vyeo wala mishahara. Waliopanda walipanda, na karakana yetu ya Kimisagara ni ndogo mno hata ukipanda unagonga dari. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mnaliona dogo: namna mafaili mengi ya programu moja ya lugha ya C yanavyotumia neno moja lisilobadilika. Najua mmeshaanza kupiga miayo. Lakini kwa sababu ya jambo hilo dogo, muuguzi mmoja wa Kinyinya nusura afukuzwe kazi kwa kosa ambalo hakulitenda, na mimi niliapa kwamba hafukuzwi.

Nilizaliwa na kulelewa Bukoba, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi Kigali nikiwa msichana mwenye cheti cha umeme na Kiswahili cha shule. Cheti kilinipatia kazi. Kiswahili kilinipatia jina la utani. Kila aliyesema "rakini" nilimrekebisha, na kila aliyesema "kurara" akimaanisha "kulala" nilimrekebisha pia, ingawa huyo wa pili alikuwa akizungumza Kinyarwanda na hakuwa na kosa lolote. Wakaniita Mama Kamusi hata kabla sijazaa. Diane alipozaliwa nikawa Mama Diane, nikapumua.

Karakana ilikuwa, na bado iko, katikati ya fundi wa mageti na mama anayeshona sare za shule. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kwenda kanisani. Aliyenipokea alikuwa Mzee Hamza, fundi mkuu, mzaliwa wa Kigali ambaye babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani akaoa hapa na asirudi tena. Karakana aliiita atelier, maana Kifaransa alikisoma kwa viboko na hakutaka kipotee bure. Alinitazama viatu, akanionyesha kiti, akafungua programu ya mashine fulani kwenye kompyuta. Nilingoja aniambie niandike kitu. Badala yake aliweka kidole kwenye neno moja pale kwenye kioo, akaniuliza, "Hili limezaliwa wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa upole, na ulikuwa upole wake wa mwisho kwa mwezi ule. Programu yetu, alisema, imegawanywa kwenye mafaili mengi, kila faili na shughuli yake. Neno linaloonekana kwenye kioo cha mashine linaweza kutajwa kwenye faili hili na lile na lile, lakini lazima liwe limezaliwa katika faili moja tu. Mengine yote yanalijua kwa kuambiwa. Kazi yangu ya kwanza ikawa kutafuta kila neno limezaliwa wapi, na pale nilipokuta limezaliwa mara mbili, nimwite. Nilishinda siku nzima nikimwita. Jioni alikuwa amekasirika vizuri, si kwangu bali kwa waliotutangulia, na nikajua tutaelewana.

Mfano wake ulikuwa wa jikoni. Fikiria, alisema, mtaa wenye chungu kimoja kikubwa cha harusi. Kiko kwa Mama Fulani, na majirani wote wanajua kiko kwa Mama Fulani. Mwenye sherehe anakwenda kukiazima. Katika C, faili lenye chungu linaandika hivi:

const char WEKA_GUNIA[] = "WEKA GUNIA";

Na jirani anaandika hivi tu:

extern const char WEKA_GUNIA[];

Lile extern maana yake ni kwamba chungu kipo, kiko kwa mtu, usinunue kingine. Mstari huo wa jirani hauandikwi ovyo katika kila faili. Unawekwa mara moja kwenye faili la kichwa, lile lenye .h, na kila anayelihitaji neno analiita faili hilo. Hata mwenye chungu mwenyewe analiita. Hapo nilidhani Mzee anatania, kwa sababu mwenye chungu anahitaji kuambiwa na nani kwamba anacho? Nilipata jibu Gatsata.

Kule Gatsata, juu ya barabara inayoshuka Nyabugogo, kulikuwa na kinu cha mahindi kilichonunua mizani yetu. Mizani ikiwashwa ilitakiwa kuandika WEKA GUNIA. Ilikuwa inawaka, inakohoa, inazima. Mwenye kinu alitupokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na wapagazi wakakaa juu ya magunia kutazama sinema. Mzee Hamza alinipa kompyuta, akavuta debe, akakaa. Nilijua hataninyooshea mkono mpaka nikwame kabisa.

Nilikwama mpaka kofia yangu ikajaa unga. Kisha nikaona. Aliyelizaa neno alilipanga kama safu ya herufi, na mabano yake mraba. Lakini fundi mwingine, kwenye faili lake, hakuita faili la kichwa. Alijiandikia mstari wake wa extern kwa kichwa chake, akaweka nyota badala ya mabano, yaani pointa, inayoshika anwani ya neno badala ya neno lenyewe. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hushughulikia faili moja moja, kwa hiyo haikuona ugomvi. Mashine ilipowashwa ilizichukua herufi za mwanzo za WEKA ikazidhania ni anwani, ikaenda huko ilikotumwa, na huko hakukuwa na mtu. Nilibadilisha mstari mmoja, gunia likawekwa, wapagazi wakasikitika kwamba sinema imekwisha. Wakati wa kurudi Mzee alisema, "Sasa unajua kwa nini hata mwenye chungu anaambiwa." Faili linalozaa neno likiita faili la kichwa, kompaila inaiona mistari yote miwili kwa pamoja, na ikitofautiana inapiga kelele papo hapo. Mpaka leo nikiona extern imeandikwa ndani ya faili lenye .c, nawashwa mwilini.

Miaka ikapita hivyo. Tulitengeneza mizani, saa za kengele za shule, vidhibiti vya pampu za maji. Macho ya Mzee Hamza yakachoka, akarudi nyumbani kwake kuwasumbua wajukuu. Akaingia Bosi Kayitare, aliyekulia Kampala, mtu mwenye mbio na moyo mzuri na simu isiyonyamaza. Na akaja Faustin, kutoka chuo, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Faustin hakulelewa na Kiswahili. Alikiokota mtaani, sokoni na kwenye mpira, na kama wengi hapa, r na l kwake ni mtu na pacha wake. Unamwita huyu anakuja yule. Nilimrekebisha mwaka mzima, halafu nikachoka, kwa sababu yeye alinirekebisha Kinyarwanda changu cha ukimbizini na alikuwa na haki kuliko mimi.

Sasa tumefika kwenye kisanduku. Kilikuwa kisanduku cha kutunza friji za chanjo katika vituo vya afya. Waya mmoja unaingia ndani ya friji kupima joto. Kioo kidogo kinaandika hali: SAWA, BARIDI SANA, JOTO KALI. Ukutani, nje, kuna kengele ya kumwamsha mlinzi, na vyote vina betri ya kuvishika umeme ukikatika. Maneno tuliyaandika kwa Kiswahili kwa sababu Bosi alikuwa na wateja Goma na Bukoba pia, na Kinyarwanda kingetusindikiza mpaka mpakani tu.

Programu yake ilikuwa na faili la kipimajoto na faili la kengele. La kengele liliandikwa na Mzee Hamza katika siku zake za mwisho. La kipimajoto lilikuwa lake pia, lakini Bosi alileta aina nyingine ya kipimajoto, Faustin akaliandika upya, akiwa na haraka kwa sababu mteja alikuwa na haraka kwa sababu Bosi alimwahidi. Mafaili hayo mawili yaliongea kwa maneno. Kipimajoto kinasema JOTO KALI, kengele inasikia JOTO KALI, inalia. Mtaniuliza kwa nini hatukutumia namba. Kwa sababu hali ileile ilisafiri pia kama ujumbe wa simu, na iliaminika kwamba neno ni neno.

Siku moja Bosi aliingia akiwa hana raha. Kituo kimoja cha afya kule Kinyinya, kati ya nyumba zinazoendelea kujengwa, kilikuwa kimeharibikiwa na chanjo. Umeme ulikatika, ukarudi, na mahali fulani hapo katikati friji ikapata joto. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, Vestine, alisema alipofika alikuta tayari kuna joto. Kamati ya kituo haikumwamini, na hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito: kisanduku kipo, kengele ipo, mlinzi alikuwa macho wala hakusikia kitu. Kama joto lingepanda kabla Vestine hajafika, kengele ingelia. Haikulia. Kwa hiyo joto lilipanda mikononi mwake, aliacha mlango wa friji wazi, na sasa anasingizia umeme.

Someni hapo tena. Ushahidi dhidi ya yule mwanamke ulikuwa ukimya wa mashine yetu.

Bosi alinituma nikapime kisanduku, nithibitishe kuwa ni kizima. Nilikwenda. Nilibonyeza kitufe cha kujaribia kengele, ikalia mpaka watoto waliokuwa wakingoja kupimwa uzito wakaanza kulia nayo. Kioo kiliandika SAWA. Mkuu wa kituo, titulaire kama tunavyowaita, aliniambia asante kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Nilikuwa nafunga begi nilipomwona Vestine amesimama kwenye ukumbi, mikono nyuma, bado amevaa koti lake jeupe kama mtu anayehofia akilivua hatalivaa tena.

Nilimuuliza alichokiona. Vestine alikulia Goma, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao, na alijibu bila kuhangaika.

"Mama, nilifika, nikafungua mlango ya chumba, kengele ilikuwa kimya kabisa. Lakini ku kioo kuliandikwa joto kari. Nikakimbia kuita titulaire. Tulivyorudi, umeme ilikuwa imerudi muda, kioo ikasema sawa. Nikaonekana muongo."

Nilimshukuru nikapiga hatua, halafu nikasimama. Mlango. Kengele. Nilifika. Kuliandikwa. Kila l ya mwanamke yule ilikuwa mahali pake, safi, kama ya walimu wangu wa Bukoba. Isipokuwa moja.

"Kwa nini unasema kari?" nilimuuliza.

"Ndivyo iliandika," alisema. "Mimi nilijua ni neno ya mashine."

Kigali nzima ingesema kari wala hakuna ambaye angegeuza shingo, mimi nikiwa wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuchoka kugeuza. Lakini huyu hakuwa mtu wa kusema kari. Alikuwa anasoma. Nilimwambia asisaini kitu chochote watakachompa, wala asiombe msamaha, mpaka nirudi.

Karakana nilifika na jasho. Sikukaa hata. Nilifungua faili la kipimajoto la Faustin, na pale, katikati ya mistari yake mizuri iliyopangwa vizuri, palikuwa na "JOTO KARI". Nikafungua faili la kengele la Mzee Hamza. "JOTO KALI". Kati yao palikuwa na strcmp, ile kazi ya C inayolinganisha maneno mawili herufi kwa herufi, na ambayo haijawahi kuishi Kigali. Kipimajoto kilisema kari, kengele ilikuwa inangoja kali, na ingengoja mpaka friji iive.

Nilimwita Faustin, nikamwonyesha. Alitazama faili moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza.

"Lakini Mama, iko vilevile," alisema. "Kari na kari."

Hakuwa anabisha. Kweli hakuona. Nikachukua kalamu nikaziandika herufi mbili, R na L, kubwa, kwenye kiganja chake, na hapo nikaona uso wake ukibadilika. Alikaa chini, akauliza yule muuguzi anaitwa nani. Nilimpenda kwa swali hilo.

Mtauliza tulikijaribuje. Baridi tulijaribu kwa barafu kutoka kwa jirani anayeuza juisi, na BARIDI SANA iliandikwa vizuri kotekote, kengele ikalia, tukashangilia. Joto lilihitaji chai ya moto, na hakuna aliyekuwa tayari kupoteza chai. Kwa hiyo kipimajoto kilishikwa kwenye kiganja, kioo kikaandika kilichoandika, aliyetazama akaridhika. Kengele ikajaribiwa kwa kitufe, aliyesikiliza akaridhika. Hakuna aliyefanya yote mawili kwa pamoja.

Bosi Kayitare alipoelezwa alifunga mlango wa ofisi yake, ambao kwa kawaida haufungiki. Aliniambia kosa tulirekebishe kimyakimya, visanduku vyote vibadilishwe, wala hakuna haja ya kwenda mbele ya kamati ya watu. Alinikumbusha kwamba kuna mkataba mpya unakuja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anahesabu wafanyakazi wake kichwani na mimi nilikuwa mmojawapo.

"Mama Diane, ukisimama pale useme machine yetu ni mbovu, tumefunga," alisema. "Please. Iko na watoto nyuma ya hii kazi."

"Na Vestine yuko na watoto," nilimjibu. "Mashine yetu ndiyo shahidi wa kamati, Bosi. Imetoa ushahidi wa uongo, na anayejua ni mimi. Nakwenda. Ukitaka kunifukuza nifukuze nikirudi."

Kesho yake nilibeba kisanduku kingine chenye programu ileile, kompyuta na chupa yangu ya chai. Faustin alisema anakuja, nikamwambia si lazima, akawa tayari ameshavaa kofia ya pikipiki. Tulipofungua geti tulikuta gari la Bosi linanguruma nje. Alisukuma mlango wa abiria kutoka ndani. Njia nzima hadi Kinyinya alizungumza habari za foleni.

Mbele ya kamati sikutoa hotuba. Niliweka kisanduku mezani, nikabonyeza kitufe, kengele ikalia, wakatikisa vichwa kwa maana ya tulikuambia. Kisha nikamimina chai kikombeni nikatumbukiza waya wa kipimajoto. Kioo kikaandika JOTO KARI. Tukasikiliza. Nje fundi fulani alikuwa anapiga misumari. Kengele ilikaa kimya, chai ikaendelea kutoa mvuke, na mmoja wa wanakamati akainama akasoma kioo kwa sauti, "joto kari," bila kuona tatizo lolote. Ilibidi nimweleze.

Titulaire aliuliza kosa hilo ni la nani. Faustin alivuta pumzi ili aseme. Bosi Kayitare, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama mtu aliyepitia tu, akasimama kabla yake.

"Ni yetu," alisema. "Ya kampuni. Huyu dada muforomo, muuguzi wenu, alisema ukweli. Mumurudishe kazini, na mimi nitarudisha kengele."

Vestine alikuwa amesimama dirishani. Hakulia, hakucheka. Alifungua kifungo cha juu cha koti lake jeupe, akakifunga tena, akauliza kama anaweza kwenda, kwa sababu kulikuwa na akina mama wanangoja. Nililia mimi, kwenye gari, na Bosi akaongeza sauti ya redio ili nisione haya.

Sasa sikilizeni sehemu ya kazi, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea wakiwa na furaha. Tuliporudi, Faustin alibadilisha R ikawa L akasema tayari. Nikamwambia bado. Amebadilisha herufi, hajabadilisha sababu. Neno lilikuwa limezaliwa mara mbili, kwa mikono miwili, katika mafaili mawili, na leo ni kari, kesho itakuwa balidi. Lizaliwe mara moja.

Akayachukua maneno yote akayaweka kwenye faili la kichwa, na maana zake kamili, pamoja na alama ya sawasawa na herufi zenyewe. Linka, ile inayoyaunganisha mafaili kuwa programu moja, ikakataa. Kila faili lililoita faili la kichwa lilijikuta limenunua chungu chake, chenye jina lilelile, na linka haivumilii majina mawili. Faustin akatafuta njia, akaongeza static mbele ya kila neno. Linka ikanyamaza. Ninyi mkiona linka imenyamaza mnafurahi. Mimi huwa naogopa.

Static ilisema hivi: kila jirani anunue chungu chake, akifiche ndani, asimwambie mtu. Maneno yakawa yanafanana kweli, lakini kila faili lina nakala yake, na kumbukumbu ya kisanduku ni finyu, haina nafasi ya vyungu vya mtaa mzima. Ubaya zaidi ni kwamba Faustin, akiamini neno sasa ni moja, alitupa strcmp akaweka alama mbili za sawasawa. Hizo hazisomi neno linasemaje. Zinauliza tu linaishi wapi. Nilimimina chai. Kioo kikaandika JOTO KALI, L nzuri kabisa ya kutundikwa ukutani, na kengele haikulia.

Alikasirika, akasukuma kiti. Alisema basi aachie wengine, yeye na Kiswahili hawapatani. Nikamwambia hili si la Kiswahili. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikamuuliza, "Hili limezaliwa wapi?"

"Hapa," alisema. Halafu akaonyesha faili la pili. "Na hapa." Halafu, polepole, "Na hapa."

Alifungua faili jipya, akaliita maneno.c. Maneno yote yakazaliwa humo, kila moja mara moja, na mabano mraba. Kwenye maneno.h ikabaki mistari ya extern tu, bila herufi za ndani, na maneno.c lenyewe likaliita maneno.h ili kompaila iyaone yote mawili pamoja. Mafaili mengine yote tuliyafagia, hata neno moja ndani ya alama za kunukuu lisibaki. Strcmp tuliirudisha, kwa sababu kisanduku hupokea pia amri kwa ujumbe wa simu, na maneno hayo yanaishi kwingine, lazima yasomwe. Tukamimina chai. Ikalia. Mama wa sare za shule akapiga ukuta tuache fujo.

Kisha nikafanya jambo ambalo naomba msiliache. Nilimwalika Vestine Kimisagara. Akakaa kwenye kiti changu, tukakipitisha kisanduku katika kila hali, naye akasoma kila neno kwa sauti kutoka kwenye kioo kama alivyoliona, si kama alivyodhani tulimaanisha. Faustin alikuwa anafuatisha kwenye maneno.c. Sisi tuliotengeneza mashine husoma kile kilichomo vichwani mwetu. Kwa hiyo asomaye awe mtu mwingine, na chai isibaniwe.

Mkataba mpya Bosi hakuupata. Aliupata mwingine baadaye, kutoka kwa watu waliosikia kwamba hawa jamaa wakikosea wanakuja wenyewe kusema. Karakana haikufungwa. Mimi nilikaa mpaka siku ya keki.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Vestine alipiga simu. Umeme ulikuwa umekatika kituoni, kengele imelia, mlinzi amemwita, chanjo zote zimehamishwa kwenye masanduku ya barafu na ziko salama. Nilimuuliza kioo kimeandika nini. Akacheka, akasema joto kali, akaivuta ile l makusudi.

Hata sijaiweka simu chini, ikaita tena. Alikuwa Faustin, na ilibidi nimsikilize mara mbili kwa jinsi alivyokuwa anahema.

"Mama Diane," alisema. "Kengere ya Kinyinya. Imeria."

Nilifungua mdomo, kwa mazoea tu. Kisha nikaufunga.

"Imeria, Faustin," nilimwambia. "Nimesikia."